Sauti Tatu za Mama Debora

Mpwapwa,
wakati wa kuvuna mtama

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Ninavyokujua, barua hii utasomewa huku mikono yako ikichambua kahawa, kwa hiyo nakuomba kwanza uweke kazi chini, ukae. Goti la kushoto linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa lori ilifika, au aliichua miguu yake mwenyewe njiani? Na baridi ya huko Mbinga mwaka huu ikoje? Hapa ni upepo. Unavuma tangu asubuhi mpaka mabati yanalia, na vumbi lake unalikuta hata ndani ya chungu kilichofunikwa.

Na wewe Skola, mdogo wangu, unayemsomea mama: usiruke mistari. Najua ukichoka husema, "Mengine ni salamu tu," ukakunja karatasi. Leo soma yote, na pale penye huzuni usipite mbio.

Mtauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga ile Jumapili, mkaniuliza mbona sauti yangu imepoa, nikasema nina mafua. Sikuwa na mafua. Nilikuwa na habari ambayo sikujua niianzie wapi, na simu haikupi nafasi ya kufikiri. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Mimi mwenyewe ni mzima. Kibanda changu bado kipo pale karibu na stendi, natengeneza simu, redio na kompyuta, na mlenda nimeuzoea kiasi kwamba nikikosa siku mbili nautafuta. Habari yangu ni ya Mama Debora, mwenye nyumba wangu. Ndiye yule niliyewahi kukusimulia, aliyenipangisha chumba bila kuniuliza kabila langu wala dini yangu, ila akaniuliza kama najua kuimba. Nilipomwambia sijui, alisema, "Pole sana," kama mtu aliyeambiwa nina msiba.

Yeye ni mwalimu wa kwaya ya kanisa la hapa mtaani, na nyimbo zote wanazoimba amezitunga mwenyewe, nyingi kwa Kigogo. Hawa watu, mama, wanaimba. Sisi kwetu tunaimba pia, lakini hawa hata akina mama wakitwanga mtama mmoja anashika juu, mwingine anashika chini, bila kuambizana. Mama Debora hana nota wala karatasi. Kila sauti anaifundisha kwa mdomo wake: anaimba ya kwanza mpaka wenye sauti ya kwanza waishike, anahamia ya pili, kisha ya tatu, halafu anasimama pembeni na kuwasikiliza, macho kayafumba. Akisikia mtu kapotea hamtaji jina. Anaimba tu ile sehemu mpaka mhusika ajijue.

Mwanzoni mwa mwaka sauti yake ilianza kukwaruza. Tukadhani ni vumbi. Akanywa maji ya tangawizi, akanywa na vitu ambavyo sitaviandika hapa, lakini haikupona. Mwisho Mzee Mlugu, mwenyekiti wa kwaya, alimpeleka hospitali Dodoma mjini. Walirudi na basi la jioni. Mama Debora alishuka, akapita moja kwa moja jikoni kuwasha moto. Ni Mzee Mlugu aliyeniambia pale nje, akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Kuna uvimbe kooni, Fundi. Mbaya. Daktari anasema wakiuondoa, wanaondoa na kile kisanduku cha sauti. Mama ataishi, lakini hatasema tena."

"Na wasipouondoa?"

"Ndiyo hivyo," alisema, akavaa kofia yake akaondoka.

Walimpa siku ya kurudi kupasuliwa. Mama Debora hakulia mbele yangu hata mara moja. Kilichomsumbua ni wimbo. Alikuwa na wimbo mpya ambao hajaufundisha, na koo lake halikuwa tena na nguvu ya kuimba jioni baada ya jioni mpaka watu thelathini washike. Angeweza kuimba mara chache tu, asubuhi, koo likiwa limepumzika. Akanigongea mlango.

"Fundi, ile kompyuta ya kwaya inaweza kunishikia sauti zangu tatu? Moja juu ya nyingine, kama zinavyokaa?"

Skola utasema, si angerekodi kwenye simu? Simu inarekodi sauti moja, mdogo wangu, na sauti moja si wimbo. Alitaka aimbe ya kwanza, kisha aisikie masikioni huku akiimba ya pili, kisha azisikie zote mbili huku akiimba ya tatu, ili hata asipokuwa na sauti, kila mwanakwaya aje asikie sauti yake peke yake na tena akiwa pamoja na wenzake. Kazi hiyo kompyuta inaiweza. Nikamwambia inawezekana, tena kwa kujiamini.

Sikuwa nimeiona. Nilipoiona, nilijuta kidogo. Ni mashine ya mezani, ya zamani, waliyopewa na kijana mmoja wa hapa ofisi yake ilipopata mpya. Ukiiwasha unaweza kwenda kuteka maji na kurudi, ukaikuta bado inajikusanya. Mafundi wawili walishaiona kabla yangu na wote dawa yao ilikuwa moja: piga window upya, yaani futa yote, weka programu kuu mpya. Huku kwetu mafundi ndivyo tulivyo, mama. Mashine ikikohoa, piga window. Ikipiga chafya, piga window. Wakaipiga mara mbili, na mara mbili ikarudia uzembe wake.

Niliihamishia sebuleni kwa Mama Debora, nikaifungua. Vumbi lililotoka humo lingetosha kuotesha mchicha. Nikaipuliza, nikazima vile viprogramu vinavyoamka vyenyewe kila inapowashwa na kula nguvu bila kazi, nikaondoa video za harusi zilizokuwa zimejaa humo baada ya kuwarudishia wenyewe. Ikachangamka. Mama Debora akaimba sauti ya kwanza, ikakaa vizuri. Akaimba ya pili, ikakaa. Alipofika katikati ya ya tatu, mashine ikaganda. Mshale haukusogea, na alichoimba kikapotea chote.

Alivua hedifoni taratibu. Shingo ilikuwa imemvimba mishipa. "Tatizo nini?"

Nikamweleza hivi: ndani ya mashine kuna ghala, na ghala lake si dogo, nafasi ipo tele. Lakini mashine haipepetei mtama ghalani. Inachota kidogo, inaweka kwenye ungo, inapepeta hapo. Ungo wake ndio unaitwa ram, na huu ungo ni mdogo. Sauti mbili zinaenea. Ya tatu ikiongezwa, mtama unamwagika.

"Kumbe wenzako walikuwa wanafagia ghala," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Basi tutafute ungo."

Niliichomoa ile ram mbele ya viongozi wa kwaya nikawaonyesha: kijibao chembamba, kirefu kama kidole cha kati na cha pete vikiunganishwa. Nikapekua sanduku langu la vyuma, sina ya aina hiyo. Mpwapwa nzima haipo, ni mashine ya zamani. Lazima Dodoma mjini, kwa wale wanaouza vipuri vilivyotumika. Jumapili yake kanisani walifanya mnada baada ya ibada ili kupata pesa ya huo ungo, kama wafanyavyo sadaka za mazao. Karanga ziliuzwa, mayai yakauzwa, na kulikuwa na jogoo mmoja mwekundu, mama, aliyeuzwa hadi akachoka. Kila anayemnunua anasema, "Nimemrudisha, auzwe tena." Watu walicheka mwanzoni. Baadaye walinyamaza, wakawa wanapandisha tu bei, na Mama Debora amekaa benchi la mbele akiangalia chini.

Nilipanga kwenda mwenyewe siku ya Jumatano, maana Jumatatu na Jumanne nilikuwa na kazi ya kutengeneza printa shuleni Gulwe. Lakini Mzee Mlugu alikuwa na safari ya mjini Jumatatu hiyo hiyo. Akaona asinisumbue. Alipita sebuleni, akaikuta ram mezani nilipoiacha, akakata ganda la bua la mtama, akapima urefu wake, akalitia mfukoni. Unakumbuka, mama, baba alivyokuwa akitununulia viatu? Tunakanyaga chini, anapima mguu kwa kijiti, anakwenda nacho mjini, na viatu vinaingia. Huku nao wanafanya hivyo hivyo. Mzee Mlugu amewanunulia viatu watoto wake wote na wajukuu kwa maganda ya mabua, na hajawahi kukosea.

Nilirudi Jumanne jioni nikamkuta ananisubiri barazani, uso unang'aa. "Fundi, kiatu chake hiki hapa. Nilipima mwenyewe, sawasawa kabisa."

Nikaipokea. Urefu ulikuwa sawasawa kabisa. Lakini ram ina pengo dogo chini, na pengo la hii lilikuwa mahali pengine. Nikajaribu kuiweka, huku nikijua haitaingia. Mzee Mlugu alinitazama mikono, kisha akanitazama usoni, na sikuwa na haja ya kumwambia.

Akatoa lile ganda la bua mfukoni, akaligeuza geuza. "Nimepoteza jogoo wa watu," alisema.

Hasira zilinipanda, mama, nakwambia ukweli. Siku ya hospitali ilikuwa Jumatatu inayofuata. Nilitaka kusema maneno. Mama Debora alitokea mlangoni, akatuangalia wote wawili, akasema kwa ile sauti yake iliyobaki nusu, "Mlugu, kwani umekula?" Akamletea ugali. Hasira yangu ikakosa pa kukaa.

Kesho yake nilipoamka kwenda kukata tiketi, ram ya zamani haikuwepo mezani. Nikadhani wezi. Kumbe Mzee Mlugu alikwishapanda basi la kwanza, na magoti yake yale ambayo hata kanisani hayawezi tena kupigwa. Alirudi jioni, kapauka vumbi. Akafungua Biblia yake. Katikati ya kurasa kulikuwa na leso, ndani ya leso ram mbili, ya zamani na nyingine inayofanana nayo kila kitu, pengo kwa pengo, ila uwezo wake ni mara nne. Mwenye duka alikubali kubadilishana na ile iliyokataa kuingia.

"Safari hii nilikwenda na mguu wenyewe," alisema.

Niliipachika. Nikawasha. Mama Debora alikwenda jikoni kutazama chai, akarudi bila kuipua, maana mashine ilikuwa tayari. Akaiangalia ile skrini, akaniangalia mimi. "Haya," alisema.

Tulirekodi asubuhi ya Alhamisi. Tulitundika blanketi madirishani kuzuia upepo, na kuku wote tukawafungia stoo. Mzee Mlugu alikaa nje langoni kuzuia wapita njia, kila anayekuja anamwonyesha kidole mdomoni. Mama Debora alivaa kitenge chake cha Pasaka. Sijui kwa nini nakwambia hilo, lakini alikivaa.

Wimbo wenyewe ni mfupi. Nitakuandikia maana yake tu. Kiongozi anazunguka nyumba za watu baada ya mwaka wa njaa. Anapita mlango kwa mlango, anataja: nyumba yenye mbuyu, nyumba ya mfua chuma, nyumba ya mjane. Kila nyumba anauliza, "Mpo?" Watu wote wanaitikia, "Tupo." Basi. Beti zinakwenda kwa sauti tatu, na kiitikio ni cha watu wote.

Sauti ya kwanza ilikwaruza kidogo mwanzoni, ikasafika. Ya pili akaiimba amefumba macho. Tulipofika ya tatu mimi nilikazia macho ule mshale. Uliendelea kusogea. Akafika mwisho. Nikampigia zote tatu pamoja, na chumba kizima kikawa Mama Debora watatu wamesimama wanaimba. Mzee Mlugu aliingia bila kubisha hodi, akaegemea ukuta.

Lakini kila baada ya "Mpo?" kulikuwa kimya. Alikuwa ameacha nafasi, akiihesabu kwa kidole cha mguu sakafuni, kisha akaendelea na nyumba nyingine. Nikamwambia, "Mama, bado kiitikio. Ungo sasa ni mkubwa, hata sauti sita zinaenea. Tujaze, wimbo ukamilike."

Akakataa kwa kichwa.

"Mama, ni dakika moja tu. Koo bado lipo."

"Fundi," alisema, na ilibidi nisogee ili nisikie, "mtu hajiitikii mwenyewe. Anayejiitikia mwenyewe hana mtu. Mimi nina watu."

Nilimwomba tena, nikatafuta na maneno ya kitaalamu. Mzee Mlugu akanishika bega akanitoa nje.

Jumatatu walimpeleka. Kabla hajapanda gari alinipa ufunguo wa jikoni, akaniambia, "Kuku wasilale njaa." Ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwa sauti yake, mama. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makubwa. Niliwalisha kuku wale kwa bidii ambayo hawajawahi kuiona.

Alikaa huko wiki nyingi. Alirudi amekonda, kitambaa cheupe shingoni kufunika pale anapopumulia sasa. Anaandika kidogo, anaonyesha kwa mikono, na akitaka kuniita anapiga sufuria kwa mwiko. Mara ya kwanza alipopiga nilikimbia nikidhani kuna moto. Alicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa na mlio. Hapo ndipo nilipoingia chumbani kwangu nikalia, na ile Jumapili nilipowapigia mkasema sauti yangu imepoa ilikuwa siku hiyo hiyo.

Jumapili iliyopita kwaya walikusanyika uani. Nikatoa mashine nje, nikaweka spika juu ya kinu kilichopinduliwa. Mama Debora alikaa kwenye kigoda, ngoma yake kati ya magoti, hakuipiga. Mzee Mlugu akasema, "Fundi, washa."

Sauti zake tatu zikatoka. Nyumba yenye mbuyu. "Mpo?"

Hakuna aliyeitikia. Walikuwa wanamtazama yeye, wengine wameshika midomo. Nafasi ikapita tupu. Wimbo ukaenda nyumba ya mfua chuma. "Mpo?" Kimya tena, upepo tu kwenye mabati. Nikanyoosha mkono niizime mashine.

Mama Debora akanishika mkono. Hakunitazama. Alikuwa anatazama spika, kama mtu anayemsikiliza mgeni aliye nje ya mlango wake. Wimbo ukafika nyumba ya mjane. Yeye ni mjane, mama, tangu kabla sijafika hapa. Sauti yake ikauliza, "Mpo?" Nami nilikuwa karibu naye nikaona midomo yake ikifunguka na kufumba. Haikutoa kitu. Lakini nilisoma, na Mzee Mlugu alisoma, na mstari wote wa mbele ulisoma.

Alikuwa anaitikia.

Mzee Mlugu ndiye aliyelipokea neno lile, kwa koo lake lililopasuka kama chungu. "Tupo." Halafu uwanja wote ukalipuka. Wakaimba mpaka mwisho, nikarudisha mwanzo, wakaimba tena, na mikono ya Mama Debora ikaanza kupiga ngoma. Mimi nisiyejua kuimba niliitikia pia. Kuna mahali nilipotea, akanitupia jicho, akapiga ngoma palepale nilipokosea mpaka nikajijua.

Ndiyo habari niliyokuwa nayo. Mashine inakwenda vizuri. Sasa kila jioni mwanakwaya mmoja anakuja sebuleni kusikiliza sauti yake, na mwenye nyumba anakaa karibu anasahihisha kwa kidole.

Nisalimie kaka Festo, mkubwa wangu, na mwambie yale mashimo ya ngoro, ya kulimia mlimani, asimwachie mkewe peke yake. Msalimie shangazi Rozina aliyenilea nilipokuwa na surua, na mjomba katekista, mwambie bado nasali. Jirani yetu mwenye mashine ya kukoboa nisalimie naye. Skola, kwako salamu nyingi, na ahsante kama kweli umesoma yote. Mama Debora anakusalimu, mama. Ameweka mkono kifuani nilipomwambia nakuandikia, akanionyesha niandike.

Nina ombi moja. Tukiongea kwenye simu wewe husema, "Haya, haya, mwanangu," unakata upesi ukiogopa kunimalizia salio. Barua hii ikifika, nipigie, na usianze na goti wala kahawa. Niite. Niite kwa jina langu, kama ulivyokuwa ukisimama nyuma ya nyumba jioni na kuniita nikiwa ng'ambo ya bonde. Kisha ngoja kidogo.

Nitaitika.

Mwanao,
Osmundi